Je, Wajua Kwa Nini Baa za Nairobi Huuliza "Moto ama Baridi?"

Ingia baa yoyote yenye wateja wengi katikati ya Nairobi mwendo wa saa kumi na mbili jioni, wakati wafanyakazi wa ofisini wanangoja msongamano upungue ndipo wapande matatu. Kiti utakipata kwa shida, na kabla hujatulia mhudumu amekufikia: "Mkubwa, moto ama baridi?" Hiyo ya moto haijapashwa popote. Ni bia iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti bila kupitia friji. Wageni hushangaa. Friji imejaa hadi juu, umeme upo, bei ni ileile, sasa mtu anaagizaje bia isiyo baridi?

Jibu la haraka linalotolewa ni uhaba wa umeme, nalo lina ukweli wake. Sensa ya 2009 ilikuta kwamba chini ya robo ya kaya za Kenya zilitumia umeme kuwashia taa. Baa nyingi za vijijini zilipokea kreti kutoka kwa lori, zikaziweka stoo, na bia ikanyweka jinsi ilivyo. Aliyeanza kunywa huko alikuja mjini na mazoea yake. Lakini sababu hiyo haitoshi, kwa maana baa za jijini zimekuwa na friji miaka nenda miaka rudi, na meza za wanaoagiza moto hazijapungua.

Tuangalie hewa yenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na mchana wenyewe mara nyingi ni wa mawingu na sweta. Bia iliyokaa kwenye kreti nyuma ya kaunta Nairobi huwa na nyuzi kama 20, ilhali Mombasa ingekaribia 30. Kwa hiyo "moto" ya Nairobi si kitu cha kutisha. Hata Uingereza, bia ya asili inayochotwa kutoka kwenye pipa hunyweka ikiwa na nyuzi 11 hadi 13, wala hakuna anayeona ajabu. (Wale wanaokwepa baridi wakihofia mafua, mafua huletwa na virusi, si na chupa.)

Halafu kuna vinywaji vilivyotangulia. Busaa ya magharibi mwa Kenya hunywewa kwa mirija ndefu kutoka kwenye chungu kimoja, na huongezwa maji ya moto watu wakiendelea kunywa. Muratina ya Wagikuyu hutolewa kwenye kibuyu bila kupozwa. Bia ya chupa ndiyo ngeni hapa. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa 1922, na kreti zake 10 za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley, ambayo leo iko kwenye kona ya Mtaa wa Kimathi na Barabara ya Kenyatta. Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kunywa bia hiyo ya chupa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940. Alipoifikia, ulimi wake ulikuwa umeshazoea pombe isiyo na ubaridi, na hakukuwa na sababu ya kuubadilisha.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ya sayansi, kwa sababu inampa mnywaji wa moto haki yake. Mnamo 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji walieleza jinsi joto linavyofanya kazi ulimini. Chembe zinazotambua utamu na uchungu zina mlango mdogo wa protini uitwao TRPM5, na mlango huo hufunguka zaidi kadiri joto linavyopanda kati ya nyuzi 15 na 35. Kinywaji baridi sana huufanya uzembee. Anayesema bia ya moto ina ladha zaidi anasema kweli, iwe ni ladha aipendayo au asiyoipenda.

Gesi nayo ina habari yake. Maji ya nyuzi 0 hushika gesi ya kaboni karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Juu ya hayo, kwenye mwinuko wa Nairobi mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa takriban asilimia 18, hivyo gesi hupata njia rahisi ya kutoroka. Tazama mhudumu mzoefu akimimina bia ya moto: huinamisha glasi, humimina taratibu ikiteleza ukutani, na bado povu hupanda upesi. Gesi iliyotoka hapo haitashuka tumboni. Ile ya baridi huingia ikiwa bado na gesi yake, kisha hupata joto la mwili la nyuzi 37 na kuanza kujitoa humo ndani. Wanaolalamika kwamba baridi huwajaza tumbo hawabuni.

Kinachobaki kuwa imani tu ni kwamba moto hulewesha zaidi. Chupa ya Tusker ya mililita 500 ina kilevi asilimia 4.2 iwe imetoka kwenye friji au chini ya kaunta.

Wenye baa nao wana faida yao. Ijumaa jioni mlango wa friji hufunguliwa bila kukoma, na kreti mpya huchukua saa kadhaa kupoa. Meza yenye watu wawili wa moto huipunguzia friji mzigo. Wapo pia wanaoagiza moja moja, "Dada, leta moja moto na moja baridi," wakazichanganya kwenye glasi mpaka ubaridi uwakae sawa.

Tahadhari ya kweli ni muda. Joto huharakisha kuchakaa kwa bia, na ikikaa miezi mingi bila kupozwa huanza kuonja kama karatasi ngumu. Jua ni baya zaidi: chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoiharibu, lakini si wote. Ukiagiza moto, omba ya kutoka kwenye kreti iliyo ndani kivulini, usikubali ile iliyopangwa dirishani, na usome tarehe kwenye lebo kabla kizibo hakijang'olewa.