Mgahawa wa chay Saigon: onja supu kwanza, nyama bandia baadaye

Mgeni akifungua menyu ya mgahawa wa chay, yaani wa vyakula visivyo na nyama, katika Jiji la Ho Chi Minh (ndiyo Saigon), Vietnam, macho yake hukimbilia "kuku", "bata" na "kamba" ambao wote ni soya, ngano na uyoga. Mimi ni mpishi wa vyakula vya mimea, na kurasa hizo huziruka. Nyama bandia mara nyingi hununuliwa tayari ikiwa imegandishwa, kwa hiyo hainiambii lolote kuhusu aliyeko jikoni. Ninaagiza supu, kisha naonja kile kibakuli cha sosi kinachowekwa pembeni.

Phở ya kawaida, supu ya tambi za mchele, hujengwa juu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka kwa saa nyingi. Ukiondoa mifupa, harufu haipotei: anisi ya nyota, inayolimwa sana Lạng Sơn huko kaskazini, pamoja na mdalasini, karafuu na iliki nyeusi, vyote ni mimea tangu awali. Vinakaushwa kwenye kikaango, na tangawizi inachomwa motoni mpaka ganda liwe jeusi. Kinachopotea ni ile ladha nzito inayobaki ulimini, pamoja na ulaini wa mafuta na jelatini.

Ladha nzito hurudishwa kwa soya iliyochachushwa, yenye glutamati nyingi, na uyoga wa shiitake uliokaushwa, ambao una guanilati; zote mbili ni kemikali za asili zinazoleta ladha hiyo. Viungo hivi viwili vikikutana hutiana nguvu, na ladha inayopatikana hupita jumla ya kila kimoja peke yake. Figili nyeupe, karoti na mahindi huongeza utamu. Ulaini ni mgumu zaidi. Wapishi wazuri huutafuta kwa mafuta yaliyokaangiwa vitunguu vya majani, au kwa utando wa maziwa ya soya uliokaushwa kisha ukakaangwa. Na mboga hazitaki kuchemshwa siku nzima kama mifupa. Zikipitiliza, supu hupoteza uchangamfu wake. Jikoni lenye uvivu hufunika upungufu huu kwa sukari. Iache supu ipoe kidogo uonje tena: sukari iliyozidi haiwezi kujificha kwenye supu ya vuguvugu.

Sosi ndiyo mtihani wa pili. Upishi wa Vietnam husimama juu ya nước mắm, sosi ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, na mgahawa wa chay hauna budi kuishi bila hiyo. Wengine hutumia sosi ya soya iliyozimuliwa, wengine hupika nanasi na chumvi taratibu. Halafu huja ndimu, sukari, pilipili na maji. Ikiwa kuna chumvi tu na hakuna kina, hata bánh xèo nzuri haitapona. Hiyo ni chapati nyembamba ya unga wa mchele, manjano na tui la nazi, iliyojazwa choroko, uyoga na machipukizi. Unaimega, unaifunga ndani ya majani mabichi, unachovya.

Baada ya hapo agizeni vya kuchangia, pamoja na wali. Canh chua, supu ya ukwaju, nanasi, nyanya na bamia, haihitaji samaki hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo ushahidi bora kwamba chay si chakula cha kujinyima. Tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na uyoga vilivyopikwa polepole kwenye chungu kwa sukari iliyounguzwa na maji ya dafu navyo havinichoshi. Bún riêu ya chay, supu nyingine ya tambi za mchele, inanifurahisha kama fundi: mabonge ya kaa yanayoelea kwenye mchuzi wa nyanya huigizwa kwa tofu, na sababu yake ni ya kikemia, kwani vyote viwili ni protini iliyoganda.

Desturi hii imetoka kwenye mahekalu ya Kibuddha. Walei wengi huacha nyama mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za kalenda ya mwezi, na siku hizo migahawa hufurika; nenda mapema. Wafuasi wa Cao Đài, dini iliyoanzishwa mwaka 1926 na yenye makao yake makuu Tây Ninh, nao wana siku zao za kula chay kila mwezi. Jikoni za mahekalu huepuka pia kitunguu saumu na vitunguu, habari njema kwa tumbo lisilovipenda, ingawa migahawa ya mjini haifuati sharti hilo kwa ukali uleule.

Kwa asiyekula mayai wala maziwa, tahadhari kidogo. Chay si lazima iwe mimea mitupu: tambi za njano za ngano zinaweza kuwa na mayai, na mkate wa bánh mì huweza kupakwa mayonezi. Mwambie mhudumu thuần chay, yaani mimea mitupu, ataelewa. Kwenye mgahawa wa kawaida uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa sahani ya mboga tupu huenda imetiwa nước mắm bila mtu kuona kuna la kueleza. Kahawa ya barafu nayo huja na maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Omba yenye tui la nazi, ambayo mimi naipenda kuliko ile ya maziwa.