Je, wajua kwa nini mtoto huangusha kijiko tena na tena?

Umemwokotea kijiko, amekitupa. Umekiokota tena, amekitupa tena, safari hii akichungulia pembeni ya kiti aone kinavyoanguka. Mtoto wa miezi kumi akifanya hivyo hakuchokozi. Anachunguza.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, aliwafuatilia watoto wake watatu na kuandika kwa undani namna walivyocheza. Aliona kwamba mtoto anayekaribia mwaka mmoja harudii tendo vilevile: huachia kitu mkono ukiwa juu, kisha ukiwa chini, kisha upande, na kila mara hutazama kimeangukia wapi. Kijiko cha chuma hulia kikigonga sakafu, kitambaa hakilii, mpira hudunda na kutokomea chini ya meza. Sisi tumeshayazoea hayo. Yeye hayajui mpaka ayajaribu, tena mara nyingi.

Ndiyo maana sufuria na mwiko humshughulisha kuliko mdoli wa betri. Mdoli ukibonyezwa huimba wimbo uleule, ubonyezwe kwa nguvu au taratibu. Sufuria hujibu kadiri ilivyopigwa: ukingoni mlio mwembamba, kitakoni mlio mzito, ikijazwa nguo karibu inyamaze. Mtoto anaona wazi kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Hamu hiyo huanza mapema mno. Watafiti wa Marekani miaka ya 1960 waliwafunga vichanga wa miezi michache utepe mguuni, ncha ya pili ikashikizwa kwenye vidude vinavyoning'inia juu ya kitanda. Walipogundua kuwa wakirusha teke vidude vinatikisika, wakazidisha mateke.

Jaribu pia kufunika kikombe kwa leso mbele ya macho yake. Wa miezi mitano kwa kawaida hakitafuti tena. Kuanzia miezi minane hivi, huivuta leso na kukichukua.

Mwalimu Mwingereza Elinor Goldschmied alipendekeza kapu la vitu vya kawaida kwa mtoto aliyeanza kukaa: brashi ya mbao, kijiko, kichujio, kipande cha ngozi. Mtu mzima akae karibu, anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu mikono yetu huwahi kumwonyesha "fanya hivi", na hapohapo uchunguzi wake unakatika. Mwache akiweke hata mdomoni, mradi kiwe kimeoshwa. Midomo na ulimi humpa habari nyingi kuhusu umbo na ugumu wa kitu.

Kwa sababu hiyohiyo, chagua kwa uangalifu. Kinachopenya kwenye kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Betri ndogo za duara, sumaku, kamba ndefu na mifuko ya plastiki visikaribie kabisa. Akichezea maji usibanduke hata kidogo, kisha yamwage mara moja: mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu.