Je, wajua kwa nini redio hukoroma mara tu unapowasha taa au chaja?

Jioni, umeme unaporudi Himbi au Katindo, redio nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, huanza kukoroma. Mchana kutwa zilikuwa zikisema vizuri kwa betri. Mtu anawasha taa ya LED, anachomeka chaja ya simu, na papo hapo stesheni ya mbali, ya Bukavu au ya ng'ambo kwenye mawimbi mafupi, inazama katika mlio wa "zzzz" usiokatika. Wengi huipeleka redio kwa fundi. Fundi mzoefu wa mtaa wa Birere huiwasha kwa betri mezani pake, huisikiliza kidogo, kisha humrudishia mwenyewe: "Mama, redio yako ni nzima. Kelele iko kwako nyumbani."

Anasema kweli. Redio inafanya kazi yake barabara: inapokea mawimbi yaliyo hewani. Ila safari hii anayeyarusha ni chaja.

Waya wowote unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku, na palipo na volti pana uga wa umeme. Mkondo ukiwa mtulivu, kama wa betri inayowasha balbu ya tochi ya zamani, nyuga hizo hubaki pale pale. Mkondo ukibadilika, nazo hubadilika, na sehemu ya nguvu yake huuacha waya na kwenda zake hewani kwa kasi ya mwanga. Badiliko likiwa la ghafla zaidi, mawimbi huzidi. James Clerk Maxwell aliyaeleza hayo kwa hesabu mwaka 1865, na kuanzia 1887 Heinrich Hertz akayathibitisha huko Karlsruhe, Ujerumani. Mtambo wa Hertz wa kurusha mawimbi ulikuwa cheche ya umeme ikiruka kwenye nafasi ndogo kati ya vipande viwili vya metali. Hata meli ya Titanic iliomba msaada mwaka 1912 kwa mtambo wa cheche. Kwa hiyo swichi mbovu, mota ya blenda na plagi ya pikipiki vinarusha mawimbi kwa njia ile ile, ingawa hakuna aliyevitengeneza kwa kazi hiyo.

Chaja haina cheche, lakini ina kitu kinachofanana nayo. Chaja za zamani zilikuwa nzito kwa sababu ndani mlikuwa na transfoma ya chuma iliyofuata mwendo wa umeme wenyewe, hezi 50, yaani kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Zilipata joto, zilichukua nafasi, lakini hazikusumbua redio. Chaja ya leo, taa ya LED, adapta ya televisheni na inveta ya sola hutumia njia nyingine: transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, hukata na kuachia umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo transfoma ndogo sana inatosha, na ndiyo maana chaja inaingia mfukoni. Wepesi huo ndio unaozaa kelele.

Umeme ukikatwa mara 60,000 kwa sekunde, ungedhani usumbufu utabaki kwenye kilohezi 60, mahali ambapo redio ya nyumbani haifiki. Haubaki. Kukata kwa ghafla huzaa pia masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya kilohezi 120, 180, 240, na kuendelea kwa mamia, hadi kwenye megahezi. Ukifunga bomba la maji kwa pigo moja, mabomba ya nyumba nzima hutetemeka. Ndivyo ilivyo hapa. Mawimbi ya kati ya AM yako takribani kati ya kilohezi 526 na 1,606, na mawimbi mafupi yanaendelea juu yake hadi megahezi 30. Vizidisho vya chaja vinapita humo humo.

Chaja yenyewe ni ndogo mno kuwa antena nzuri. Kazi hiyo hufanywa na nyaya. Kwa FM, kwenye megahezi 100, robo ya wimbi ni sentimeta 75, karibu sawa na waya wa kuchajia simu. Kwa masafa ya chini antena inakuwa nyaya za ukutani, au zile mbili zinazoshuka kutoka paneli ya sola juu ya mabati, moja ikipita huku na nyingine kule.

FM huumia kidogo kuliko AM. Kwenye AM sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, na kelele nayo huongeza au kupunguza ukubwa huo, hivyo redio haiwezi kuzitenganisha. Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepata hataza za FM mwaka 1933, aliibeba sauti kwa kubadilisha masafa badala ya ukubwa, na redio ya FM hukata kila kinachopanda na kushuka kwa ukubwa. Lakini stesheni ikiwa dhaifu, hata FM hushindwa.

Kuna na ule mlio wa "trrt, trrt" kwenye spika kabla simu haijaita. Huo ni wa simu za mtandao wa GSM: simu haitumi mfululizo, hutuma kwa vipande, karibu mara 217 kwa sekunde, na amplifaya iliyo karibu huvigeuza kuwa sauti. Isogeze simu mita moja, unaisha.

Ukitaka kuelewa kwa nini chaja moja inapiga kelele na nyingine iko kimya, tazama ndani ya chaja iliyokufa (iliyo nzima usiifungue, hasa ikiwa imechomekwa). Katika chaja iliyotengenezwa vizuri, pale umeme unapoingilia, utaona koili yenye nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cheusi cha feraiti (kitu kigumu kama kigae, chenye sifa za sumaku), na karibu yake kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kidogo) ya mstatili, mara nyingi ya njano. Mbele kidogo kuna kapasita ya bluu, bapa na ya mviringo. Hilo ndilo chujio: umeme wa hezi 50 unapita, kelele ya juu inazuiwa isirudi kwenye nyaya za nyumba. Sasa tazama ile ya bei ya chini kabisa. Mara nyingi nafasi za vipande hivyo zimechorwa kwenye bamba, hata herufi zake zimechapishwa, lakini pa kapasita ni matundu matupu, na pa koili pamefungwa vipande viwili vya waya. Aliyeuchora mchoro alijua kinachohitajika. Aliyeiunda akakiacha ili kupunguza gharama.

Hili linaniuma zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Koltani inayochimbwa Rubaya, kule Masisi, hutoa tantalamu, metali ya kapasita ndogo zinazotuliza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kapasita za chujio la chaja ni za aina nyingine na za bei nafuu, na hata hizo tunanyimwa.

Dunia haikulala juu ya jambo hili. Mwaka 1934 wataalamu walikutana Paris wakaanzisha kamati ya kimataifa ya usumbufu wa redio, CISPR, ambayo mpaka leo huandika viwango. Kelele inayorudi kwenye nyaya hupimwa kati ya kilohezi 150 na megahezi 30. Juu ya hapo hupimwa hewani kwa antena. Marekani, kifaa cha nyumbani kikipimwa kwa umbali wa meta 3 hakiruhusiwi kuzidi mikrovolti 150 kwa meta (kipimo cha nguvu ya mawimbi hewani) kwenye masafa ya FM. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, likipendekeza nguvu ya stesheni za FM za mono (sauti ya mkondo mmoja), linataka kama mikrovolti 250 kwa meta vijijini, na kama 3,000 katika miji mikubwa. Tofauti hiyo ni hasa kwa sababu ya kelele za vifaa vya mjini. Alama ya CE kwenye boksi, ya kudai kifaa kimetimiza viwango vya Ulaya, isikutulize haraka: kwa vifaa vya aina hii, mtengenezaji ndiye anayejithibitishia mwenyewe, na kuna wanaoichapa bila kupima.

Si kila mkoromo ni wa chaja. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Radi hukwaruza kwa vipande, "kra, kra", na hutulia. Kifaa hulia bila kupumzika.

Kumtafuta mkosaji si kazi ngumu. Chukua redio ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, kisha chomoa vifaa kimoja kimoja. Kelele ikikatika, umemjua. Msogeze mbali na redio. Igeuze redio yenyewe pia: ndani yake kuna fimbo ya feraiti isiyosikia sawa pande zote, na mara nyingi robo mzunguko inatosha kuififisha kelele. Nyaya mbili za paneli zisokote pamoja mwendo wote, uga wa mmoja uufute wa mwenzake. Ile nundu nyeusi kwenye kebo ya kompyuta iliyokufa ni feraiti. Ikifunguka, ipitishe waya wa chaja mara tatu, karibu na chaja. Mzunguko mmoja hausaidii sana, ila ikiwa mitatu kizuizi huwa kama mara tisa.

Mwaka 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo, jirani na Goma, ulipolipuka tena, kila habari ya mahali pa kukimbilia ilikuwa na uzito, na redio ya betri haihitaji mtandao wa simu. Kwa hiyo ukienda Birere kununua taa, ichukue redio hiyo. Mwombe muuzaji aiwashe taa, uisogeze redio karibu ukiwa kwenye AM, kisha ajaribu ya boksi jingine. Utazisikia zikitofautiana hapo hapo, kabla hujalipa.