Roli ya Kukunjia Tanga Ikigoma, Achana na Winchi

"Ipige winchi, itakubali." Kauli hiyo husikika kila kusi likianza, kuanzia Nungwi mpaka Mkoani, roli ya mashua, yaani mtambo wa kukunja tanga la mbele kwa kulizungusha, inapogoma. Haitakubali. Kitakachosalimu amri ni waya wa mbele unaoshikilia mlingoti, na huo ukikatika mlingoti unaelekea shetri, nyuma ya chombo.

Roli nzima huvutika kwa mkono upepo ukiwa mdogo. Ikiwa nzito ghafla, chukua darubini utazame juu. Mara nyingi jarari, kamba ya kupandishia tanga, ndiyo imejizungusha kwenye bomba la aluminiamu linalouvika waya huo. Swiveli ya juu, kiungo kinachozunguka kati ya jarari na tanga, ina nusu mbili: ya chini huzunguka na tanga, ya juu hushikiliwa na jarari ibaki tuli. Jarari ikiwa sambamba na waya haina nguvu ya kuishikilia. Nusu zote mbili zinazunguka, jarari inajisokota kama uzi wa tiara kwenye mnazi. Ukipiga winchi hapo, unausokota waya wenyewe. Nyuzi zinafumuka na kukatika mmoja mmoja, kule juu usikokuona.

Ikishanasa, kunjua tanga, legeza jarari kidogo, kisha kunja kwa mkono. Tiba hasa ni pembe: jarari iende nyuma, upande wa mlingoti, ikiachana na waya kwa digrii 8 hadi 10. Tanga likiwa fupi, swiveli hubaki chini mno. Funga kipande cha kamba isiyovutika kati ya ncha ya tanga na swiveli, mpaka swiveli ikaribie mwisho wa bomba, ila isiupite. Bado sambamba? Weka kapi la kuongozea jarari usoni mwa mlingoti. Jarari ya akiba nayo ihamishiwe chini ya mlingoti, maana hunaswa vilevile.

"Tia grisi." Beringi za wazi za plastiki hazitaki grisi, inashika mchanga na chumvi. Maji ya bomba yanatosha.

"Kamba imepandana, ngoma mbovu." Ngoma, inapojizungushia kamba ya roli, haina kosa, tanga limeachiwa kwa pupa. Unapokunjua, kamba ya roli ibaki mkononi, imekazwa kiasi.

"Chuma cha pua hakishiki kutu." Hushika, hasa ndani ya viungo vya ncha, maji ya chumvi yanamotuama. Ukiona uzi mmoja tu umekatika, badilisha waya wote.

"Likishakunjwa limefungwa." Kwa kusi la Julai? Zungusha demani, kamba ya kuvutia tanga, mara tatu juu ya tanga, na kamba ya roli uifunge kwa fundo, usiiachie klampu peke yake usiku kucha.