Kliniki ya akili kwa simu: kabla uulize netiweki, uliza utaongelea wapi

Kuna swali tunaulizwa kila wakati hapa kwa kitengo chetu cha afya ya akili, "daktari, kwani hii maneno ya kutibiwa kwa simu inafanya kazi kweli, ama ni ile mambo ya wakati wa korona ilibaki tu?" Jibu fupi ni ndiyo, inafanya kazi. Jibu refu ndio nataka kuandika leo, na niseme mapema sina apu nauza, mimi ni afisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, kazi yangu ni kukaa upande ule mwingine wa simu na kusikiliza, na kile nimeona ni kwamba kikao hakiharibiwi sana na spidi ya intaneti wala na aina ya simu uko nayo. Kinaharibiwa na mahali umekaa ukiongea na nani anakusikia.

Kwanza tutoe hii dhana ati ni kitu kipya. Madaktari wa akili ni kati ya watu wa kwanza kabisa kutibu mgonjwa wakiwa mbali, mwaka wa 1959 huko Nebraska, Marekani, walikuwa tayari wanatumia televisheni ya pande mbili kuongoza vikao vya wagonjwa, na 1964 wakaunganisha na hospitali nyingine iko Norfolk, mwendo wa zaidi ya kilomita 170. Na si ajabu, manake kazi yetu kubwa ni kuuliza na kusikiliza, daktari wa mifupa lazima ashike mguu wako lakini mimi nikisikia sauti yako na nione uso nimepata sehemu kubwa ya kile natafuta. Utafiti umefanywa mwingi sana juu ya depresheni na wasiwasi, na matokeo ya mtu anayeongea na mtaalamu kwa vidio yanakaribiana sana na ya yule anakuja ofisini. Kitu kinalegea ni ile apu unajipakulia ukabaki nayo peke yako, watu wengi wanaifungua siku chache halafu inabaki tu hapo kwa simu ikikula nafasi. Ikiwa kuna mtu anakufuatilia, hata kwa mesej moja kwa wiki, watu wanaendelea.

Sasa Nairobi. Watu wa kaunti za mbali hutuambia nyinyi mmebarikiwa, madaktari wa akili wote wako huko kwenu, na ni kweli hawa madaktari ni wachache nchini na wengi wamejazana hapa, na hospitali ya akili ya Mathari imekuwa pale tangu 1910 na mpaka leo ndio inategemewa na nchi nzima. Lakini kuwa Nairobi si kuwa karibu. Mtu akitoka Ruai ama Rongai asubuhi kuja kliniki ya kuangaliwa tu kama dawa inamkubali, kitu ya dakika kumi na tano, siku imeisha, kibarua kimeenda, na mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu. Halafu kuna ile ya kuonekana. Wengine wanashukia steji ya mbele warudi kwa miguu ndio wasionekane wakishukia Mathari. Huyu mtu ukimpa kliniki ya simu kila mwezi na ya ana kwa ana mara moja moja, anakuja. Usipompa, anapotea, na ukimwona tena ameletwa na watu wanne usiku.

Lakini hapo kwa simu ndio tunarudi kwa shida yangu. Wengi wetu tunaishi singo rum ama bedsita, ukuta ni mabati ama ni ile ya mawe lakini jirani akikohoa unamwambia pole. Watu wako wanne ndani, televisheni inaongea, na mimi nakuuliza kama umekuwa ukisikia sauti za watu ambao hawako ama kama ndoa iko na shida. Utaniambia nini? Utaniambia "niko sawa tu daktari." Nami nikiandika "yuko sawa" kwa faili nimejidanganya.

Kwa hivyo siku hizi swali langu la kwanza si unajisikiaje. Linaenda hivi.

"Mama, uko wapi saa hii?"

"Niko kwa nyumba daktari."

"Nani mwingine yuko hapo?"

"Eeh, tuko na baba watoto."

"Sawa mama, kama mnaweza kuongea vizuri sema nimekula. Kama haiwezekani, sema sijakula."

"Aii, sijakula daktari."

Basi tunaongea mambo ya dawa na usingizi dakika mbili, vitu ambavyo hata baba watoto akisikia haina neno, halafu nampigia saa ile atakuwa ametoka kwenda sokoni. Hayo maneno ya siri tunapanga na kila mgonjwa siku ya kwanza, na mtu achague yake, kuna wa mpira, kuna wa tokeni za stima. Ukienda mahali wakuanzishie tiba ya simu na hakuna mtu amekuuliza hii kitu, wewe mwenyewe iulize.

Watu wamekuwa wajanja na mahali pa kuongelea. Kuna wanaoongea wakiwa wamekaa ndani ya gari la jamaa limeegeshwa, kuna wanaopanda juu kwa kamba za nguo saa ambazo hakuna mtu anaanika, kuna mmoja alikuwa anaomba funguo ya holi ya kanisa siku za katikati ya wiki akisema anaenda kufagia, na alikuwa anafagia kweli baadaye. Hedifoni zinasaidia lakini ni nusu tu ya dawa, zinaficha maneno yangu, yako bado yanasikika. Weka redio karibu na mlango, si karibu na wewe. Na usiongee ukiwa kwa matatu, hapana, hata kama umekaa kiti cha nyuma, nimewahi kusikia kondakta akimshauri mgonjwa wangu.

Video si lazima. Hii watu hawaamini. Kama bando imeisha ama uko na kabambe, simu ya kawaida ya kuongea inatosha kwa mambo mengi, na wengine wanafunguka zaidi wakijua siwaoni. Mesej nazo ziangaliwe, kwa nyumba nyingi simu ni ya kila mtu, mtoto anachezea gemu, na mesej inatokea juu ya kioo "unakumbushwa kliniki ya magonjwa ya akili kesho." Sisi tunaandika "habari, kesho saa nne kama tulivyopanga" na hiyo inatosha. Hata malipo yanaongea, mesej ya M-Pesa huja na jina la mahali umelipa, kwa hivyo kama nyumbani hawajui, fikiria hiyo kabla ya kutuma.

Kuna kitu kingine cha Nairobi ambacho vitabu vya wenzetu wa ng'ambo havikuandikiwa. Wao wanasema mwanzo wa kikao chukua anwani ya mgonjwa. Anwani gani? Hapa mtu anakaa "ploti ya mama fulani, ukitoka steji unafuata barabara ya vumbi, kuna kinyozi, geti nyeusi ya pili, uulize keteka." Hiyo ndio anwani, na tunaiandika yote hivyo hivyo, pamoja na namba ya mtu mmoja aliye karibu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua na amekubali tumpigie mambo yakiharibika. Ikifika ile saa mtu ananiambia kwa simu hataki kuishi tena, si wakati wa kuanza kuuliza kinyozi yuko upande gani wa barabara.

Na hapo niseme kitu kuhusu sheria, manake kuna watu walikuwa wanaogopa kutuambia. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu alikuwa anaweza kutoka hospitali aingie korti. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ukituambia umekuwa na hayo mawazo tunaita msaada, hatuiti askari wakushike.

Kamera pia inaficha vitu, na mtaalamu mzuri anajua. Naona uso na mabega basi. Mtu anayetumia haloperidol, dawa ya wale wanasikia sauti ama kuamini vitu visivyo vya kweli, anaweza kuwa anatulia usoni na huku chini miguu haikai, anakanyaga kanyaga, hawezi kukaa kiti kimoja, na hayo ni madhara ya dawa yanayotibika lakini usipoyaona mgonjwa anaacha dawa kimya kimya. Kwa hivyo utaniskia nikisema egemeza simu kwa sufuria hapo mezani, simama, rudi nyuma kidogo, nyoosha mikono mbele nione kama inatetemeka, tembea mpaka mlangoni urudi. Watu hucheka, na fanya tu. Kuna dawa ambazo simu peke yake haitoshi, lithium, ile ya kutuliza mihemko inayopanda na kushuka, inataka kupimwa damu, kiwango cha dawa chenyewe na figo na tezi ya shingo, na valproate, dawa ya kifafa na ya mihemko pia, kwa mama ambaye anaweza kupata mimba ni mjadala wa kukaa chini kabisa manake inaweza kuumiza mtoto tumboni. Na kama hujaonwa hata mara moja na kitu kimeanza ghafla, mtu amechanganyikiwa, ana homa, hajui siku, hiyo usipige simu ya kliniki ya akili, kimbia hospitali, inaweza kuwa malaria kali ama maambukizi ya ubongo na si akili hata kidogo.

Kuna ile fomu ya maswali tisa ya depresheni, PHQ-9, siku hizi inatumwa kila mahali kwa linki, kazini, chuoni. Ni fomu nzuri, alama zinaenda kutoka 0 mpaka 27. Shida yangu ni swali la tisa, linalouliza kama umekuwa na mawazo ya kufa ama kujidhuru. Mtu anajaza saa tano usiku, anaweka alama ya "karibu kila siku", anabonyeza tuma, na upande ule mwingine hakuna mtu mpaka Jumatatu. Taasisi yoyote inayotuma hiyo fomu bila kuwa na mtu wa kuisoma saa hiyo hiyo, kwa maoni yangu, afadhali isitume.

Vijana wengi usiku wanaongea na roboti za akili bandia. Siwezi kuwakataza na sitajaribu. Hii nayo haikuanza juzi, 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitoa programu inaitwa ELIZA iliyokuwa inarudisha maneno yako kama mshauri, na yeye mwenyewe alishangaa vile watu waliifungulia roho. Ukiitumia kupanga mawazo kabla uje kwangu, ama kuandika maswali usisahau, sawa. Lakini hizi mashine zinapenda kukubaliana na wewe, na mtu ambaye ameanza kuamini majirani wanamfuata hahitaji wa kumkubalia. Wala roboti haijui geti nyeusi ya pili.

Siri zako zinaenda wapi? Mwaka wa 2023 tume ya biashara ya Marekani ilibana kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook na wengine kwa sababu ya matangazo. Finland ilikuwa mbaya zaidi, kituo cha Vastaamo kiliibiwa rekodi na 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa vitisho, lipa ama tuanike uliyomwambia mtaalamu wako. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na iko ofisi ya Kamishna wa Data unaweza kupeleka malalamiko, halafu 2023 tukapata Sheria ya Afya Dijitali. Kwa hivyo uko na haki ya kuuliza, je, mnarekodi hiki kikao, faili yangu inakaa wapi, nani anaisoma. Akikasirika umeuliza, tafuta mwingine.

Na matapeli wako, wako wengi. Mtu ana wafuasi TikTok na sauti tamu anajiita therapisti. Daktari yuko kwa rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari wa Kenya, unaingia mtandaoni unatafuta jina, sisi maafisa wa kliniki tuna baraza letu, na washauri nasaha na wanasaikolojia wana bodi yao chini ya sheria ya 2014. Muulize namba ya usajili kabla utume pesa. Yule anakuandikia diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa WhatsApp bila kukuuliza hata kama unakunywa pombe, huyo ni wa kumwepuka, hizo dawa zinashika mtu na zikichanganyika na pombe zinaweza kukata pumzi.

Kwa wale hawana kliniki bado na usiku umekuwa mrefu, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, kama shida ni pombe ama dawa za kulevya. Ukipiga, anza na mahali ulipo kabla ya hadithi, ili simu ikikatika wawe na pa kuanzia. Na kama ni mtu wako ndiye ako hatarini, usimwache peke yake ukaenda nje kutafuta netiweki, tuma mtoto ama jirani apige, wewe kaa naye, halafu mpelekeni hospitali iliyo karibu hata kama si ya akili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu ananyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo mkiambiwa hapo mlangoni "hatushughuliki na wendawazimu", kataeni kuondoka na muulize jina la msimamizi wa zamu.