Wimbo wa kambi darasani: maana yake na kazi yake

Wimbo wa kambi ni wimbo mfupi wa mchezo usiohitaji karatasi wala ala. Kiongozi anatoa mstari, kundi linaurudisha, mikono na miguu ikifuata. Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi wanaujua kutoka kwa skauti au Xaveri (chama cha vijana Wakatoliki), kando ya moto. Katika somo la muziki la shule ya msingi unabaki mchezo vilevile, ila mwalimu anaupa lengo moja: pigo, sauti au kumbukumbu. Malengo matatu kwa mara moja ni fujo.

Kuna nyimbo za kuitikiana, na za kurundika, ambazo kila ubeti unaongeza neno. Lakini zenye faida kubwa ni za kumeza neno. Chukua mstari wa mapigo manne: «Mtumbwi / unatoka / Idjwi / na ndizi» (Idjwi ni kisiwa cha Ziwa Kivu). Duru ya kwanza unaimbwa wote. Ya pili, «na ndizi» inamezwa, kofi moja linashika nafasi yake. Ya tatu, «Idjwi» nayo inamezwa. Mwishoni yanabaki makofi manne matupu, kisha wote wanarudi kuimba mstari mzima. Hapo ndipo mwalimu anategea sikio: wakirudi pamoja, na kwa sauti ileile ya mwanzo, wimbo ulikuwa ukiendelea kichwani mwao. Wakitawanyika, walikuwa wakihesabu makofi tu.

Kosa la kawaida ni mwendo kukimbia, kwa sababu watoto hawapendi kimya. Mpe mmoja bidoni tupu ya lita 20 aipige taratibu kwa kiganja, bila kunyamaza hata pale maneno yanapomezwa. La pili ni kuanza chini mno, hasa mwalimu akiwa mwanaume: watoto wananguruma badala ya kuimba. Anzia karibu na noti ya re iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda, usipite noti ya la inayofuata juu yake. La tatu ni makelele. Nje hayana shida, lakini chini ya mabati watoto 50 wakipiga kelele hakuna anayesikia noti. Na mwalimu asiimbe wakati wa kuitikia, maana sauti yake itaficha walioteleza.

Dakika 5 hadi 8 zinatosha. Wakishazoea, meza neno la katikati badala ya la mwisho. Ni gumu zaidi, kwa kuwa sauti inabidi ikatike na kurudi ndani ya mstari uleule.