Sailensa: gari linapotetemeka likiwa limesimama

Fundi akikwambia gari lako limekosa sailensa, hazungumzii bomba la moshi, ingawa nalo huitwa jina hilohilo. Anazungumzia mzunguko wa injini pale mguu unapotoka kwenye mafuta: gari limewaka, haliendi popote, injini inazunguka kwa nguvu ya kujiendesha yenyewe tu. Kwenye Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi hukaa karibu na 750 kwa dakika na kutulia.

Sailensa si kifaa, kwa hiyo haiuzwi dukani. Ni mapatano ya vitu vitatu: hewa kidogo inayopenya wakati throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) imefungwa, mafuta ambayo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaamuru nozeli zipulize, na moto wa plagi. Kimoja kikiharibika, gari linatetemeka, ila halitetemeki kwa namna moja tu. Anza kwa kuangalia linavyotetemeka, pochi ibaki mfukoni kwanza.

Mshale umetulia lakini usukani unacheza, hasa ukiweka gia ya D na kukanyaga breki? Injini haina kosa, mauntingi, ule mpira unaoishikilia injini kwenye bodi, imekatika.

Mtikisiko wenye mdundo ni habari nyingine. Katika mzunguko wa 750, kila silinda huwaka kama mara 6 kwa sekunde, hivyo ikilala moja tu, yaani isipowaka, utauhisi mwanya wake kwenye kiti, na nyuma bomba litakuwa linatoa pumzi za kukatakata. Chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ile ambayo ukiichomoa injini haishtuki ndiyo ya silinda iliyolala. Hamishia plagi yake silinda nyingine uone kama ugonjwa unahama nayo. Wengine huchomoa waya wa plagi injini ikiwaka. Sipendi, shoti yake si ya mchezo na ignaita, kifaa kinachoendesha moto wa plagi, inaweza kuungua.

Halafu kuna ule wa mshale kupanda na kushuka, 1,000, 1,500, 1,000, kama mtu anachezea mafuta. Huu ulinisumbua mimi. Mara nyingi ni hewa ya wizi, inayoingia nyuma ya throtoli kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka. Injini hii hupima mgandamizo ndani ya manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, kwa hiyo hewa ya wizi nayo inahesabiwa na kupewa mafuta yake. Mzunguko unapanda. Kontroli boksi inaona throtoli imefungwa huku injini inakimbia, inadhani unateremka mlima, inakata mafuta. Mzunguko unaanguka, mafuta yanarudishwa, na safari inaanza upya. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye mipira na maungio, mbali na waya za moto. Mlio ukibadilika, umepapata. Usitumie petroli kwa kazi hiyo, tafadhali.

Magari haya pia yana namna ya kusema yenyewe. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: 22, sensa ya joto la maji, mshukiwa mzuri kama gari husumbua likiwa baridi. Tatu kisha moja: 31, sensa ya mgandamizo au mpira wake. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililorekodiwa, ila mpira uliopasuka unaweza usirekodiwe kabisa.

Wangu haukurekodiwa. Fundi wa kwanza alikaza na kulegeza skrubu ya throtoli mpaka gari likanyamaza, nikalipa, kesho yake likaanza tena. Skrubu ile inaongeza au kupunguza hewa tu, haizibi tundu. Mpira wenyewe ulikuwa mfupi kama kidole, umepasuka upande wa chini, usioonekana mpaka uupinde.